Kugeuza Tangi la Samaki la Maji Matamu Kuwa la Maji ya Chumvi: Mwongozo kwa Mkaazi wa Mombasa

Mtu wa Mombasa aliyezoea kufuga samaki wa maji matamu sebuleni huona kwamba kuhamia maji ya chumvi ni jambo jepesi, kwa kuwa bahari imemzunguka pande zote na samaki wake huonekana hata mtu akisimama ufuoni maji yakiwa yamekupwa. Ukaribu huo unasaidia kwa kiasi fulani tu. Yanayowaangusha wengi ni mambo matatu ambayo bahari haiyatatui: joto la nyumba zetu, maji yanayobadilika kwa msimu, na wiki kadhaa za kungoja tangi likomae kabla ya kutiwa samaki hata mmoja. Mwongozo huu ni kwa mtu ambaye tayari ana tangi la kioo linalofanya kazi na anataka kuligeuza, si kununua jingine. Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba aanze upya kabisa, yaani alitoe tangi maji yote, badala ya kuongeza chumvi kidogo kidogo juu ya maji na samaki waliomo.

Wakati unaofaa kuanza, kwa maoni yangu, ni Agosti au Septemba. Mvua za masika zimekwisha, kusi bado inapoza hewa, na tangi linapata miezi kadhaa ya kukomaa kabla ya joto la Februari na Machi, ambalo ndilo mtihani wake mkubwa.

Je, tangi lako linafaa?

Tangi la chini ya lita 100 linaweza kugeuzwa, lakini sipendekezi kwa anayeanza, kwa sababu maji machache hupata joto haraka, hupungua haraka kwa mvuke, na chumvi yake hupanda kabla mwenyewe hajatambua. Pima ujazo wa kweli kabla ya kununua chochote. Tangi lenye urefu wa sentimita 90, upana wa 45 na kimo cha 45 lina lita 182 kwa hesabu ya makaratasi, ila ukiondoa nafasi ya juu isiyojazwa na nafasi ya mawe na mchanga, maji halisi hayazidi lita 150 hivi, na hiyo ndiyo hesabu ya kutumia katika chumvi na katika kila kitu kingine. Tangi la namna hiyo likiwa limejaa maji, mawe na mchanga huzidi kilo 200, kwa hiyo meza ya mbao za kubandika iliyolibeba miaka yote ichunguzwe miguu na viungo vyake. Mbao za aina hiyo hufura zikirukiwa na maji ya chumvi mara kwa mara.

Jambo la pili ni historia ya dawa. Baadhi ya dawa za kutibu madoa meupe na kuvu wa samaki wa maji matamu zina shaba ndani yake, na shaba huingia katika mawe, changarawe na hata silikoni ya viungo vya kioo, kisha hutoka polepole kwa muda mrefu. Samaki wa baharini huvumilia kiasi kidogo cha shaba, lakini kamba, kaa, konokono na matumbawe hufa kwa kiasi ambacho samaki hatakihisi. Ikiwa tangi lako liliwahi kutiwa dawa hizo, lifanye kuwa la samaki peke yao, au libadilishwe silikoni na fundi wa vioo anayejua kazi ya matangi.

Kuwahamisha samaki wa zamani

Samaki wa dhahabu na wengi wa wenzao wa maji matamu hawawezi kufundishwa kuishi baharini. Mwili wa samaki wa maji matamu una chumvi nyingi kuliko maji yaliyomzunguka, kwa hiyo maji humwingia mwenyewe kupitia matamvua, na figo zake zimeumbwa kuyatoa kwa mkojo mwingi. Samaki wa baharini yuko kinyume chake: maji humtoka, naye hulazimika kunywa maji ya bahari na kutoa chumvi iliyozidi kwa matamvua yake. Ukimtia samaki wa dhahabu katika maji ya bahari, anakauka akiwa ndani ya maji. Anayeweza kuhama kwa urahisi ni moli, ambaye akipandishiwa chumvi kwa hatua ndogo katika muda wa wiki kadhaa huishi vizuri katika maji ya bahari, na wengine humtumia kama samaki wa kwanza wa tangi jipya kwa kuwa ni mgumu na hula mwani.

Wengine wote wapelekwe kwa mfugaji mwenzako au duka la samaki wa mapambo. Wasimwagwe mtoni, mferejini wala kwenye bwawa la mtu, kwa sababu gapi na sikilidi huzaana upesi na kuwasukuma samaki wa asili, na wasitupwe baharini, maana hiyo ni kuwaua tu.

Kusafisha na kubadilisha vifaa

Toa maji yote, changarawe, magogo na mimea. Magogo hutoa rangi na asidi, mimea ya maji matamu hufa ndani ya siku chache na kuoza, na changarawe ya rangi ya dukani haina faida yoyote kwa maji ya bahari. Sugua kioo kwa siki nyeupe ili kuondoa ukoko wa chokaa, kisha suuza kwa maji mengi. Usitumie sabuni hata kidogo.

Chujio la zamani unaweza kulibakiza, lakini sponji na vijiwe vyake vya bakteria usivitegemee. Bakteria wanaokula taka za samaki katika maji matamu si wale wale wa baharini, na chumvi ya ghafla huwaua wengi wao, nao wakioza huongeza taka badala ya kuziondoa. Osha chujio lote, weka sponji mpya, na ukague ndani kama kuna springi, skrubu au kishikio cha chuma kinachogusa maji. Chuma chochote kitashika kutu, na sisi tunaoishi pwani tunajua kwamba hata kisichogusa maji ya chumvi hakisalimiki.

Vitu vya kuongeza ni hivi. Pampu ya mkondo, moja au mbili, zinazosukuma kwa jumla mara 10 hadi 20 ya ujazo wa tangi kwa saa; kwa tangi letu la lita 150 hiyo ni kati ya lita 1,500 na 3,000 kwa saa. Samaki wa miamba wamezoea maji yanayokwenda, na maji ya bahari hushika oksijeni kidogo kuliko maji matamu kwa karibu sehemu moja ya tano, kwa hiyo uso wa maji lazima utikisike. Kichujio cha povu, ambacho hupuliza viputo vidogo na kunasa uchafu wa protini kabla haujaoza, si lazima kwa tangi lenye samaki wachache, lakini kwa joto letu mimi nakiona kuwa fedha iliyotumika vizuri kuliko taa ya bei kubwa. Utahitaji pia kipimo cha chumvi. Kile cha plastiki chenye mshale ni rahisi, ila kimetengenezwa kwa maji ya nyuzi 25 hivi na viputo vikinata kwenye mshale hudanganya. Cha kuangalia kwa jicho, yaani rifraktomita, ni bora, mradi ukirekebishe kwa maji maalumu ya kipimo cha 35, yaani sehemu 35 za chumvi kwa 1,000, na si kwa maji matupu peke yake. Mwisho, seti ya kupima amonia, nitriti, nitreti na pH (kiwango cha asidi) iliyoandikwa kuwa inafaa maji ya bahari, kwa sababu baadhi ya seti za maji matamu hutoa rangi zisizo sahihi penye chumvi.

Kuhusu umeme, kila waya unaotoka kwenye tangi upinde kwenda chini kabla ya kufika kwenye soketi, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia soketini, na fundi akufungie swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko maji matamu, na chumvi hutambaa juu ya nyaya na kukauka humo, kwa hiyo ufutwe ukoko wake mara kwa mara.

Maji yatoke wapi

Kuna njia mbili, na zote zinafanya kazi. Ya kwanza ni kuchanganya chumvi ya akwariamu na maji matamu safi. Ya pili ni kuchota bahari.

Kabla sijaeleza njia ya kwanza, niondoe fikra moja inayorudi kila mara: kwamba chumvi ya mawe inayovunwa kaskazini ya Malindi, kule Gongoni na Marereni, inafaa kwa kuwa imetoka baharini. Haifai. Maji ya bahari yanapokaushwa kwenye mabwawa ya chumvi, chokaa na jasi hutangulia kuganda, kisha huganda chumvi ya kawaida, na magnesi na potasi hubaki katika maji machungu yanayomwagwa. Kinachovunwa ni takriban chumvi ya mezani tu, na ile iliyopakiwa kwa matumizi ya nyumbani huongezwa madini ya iodini. Samaki wanahitaji mchanganyiko wote: katika maji ya bahari ya kawaida kalsi ni karibu miligramu 400 kwa lita na magnesi ni karibu 1,300. Ndiyo maana chumvi ya akwariamu ina bei yake.

Maji ya kuchanganyia ndiyo yanayohitaji uangalifu zaidi Mombasa. Maji ya visima vya kisiwani na mitaa mingi ya pwani yana chumvi na chokaa tayari, na mara nyingi yana nitreti kutoka vyoo vya shimo; na maji ya mkokoteni huwezi kujua yalikotoka isipokuwa mwenye mkokoteni ni mtu unayemwamini. Maji ya mfereji huwa na klorini. Suluhisho lililo karibu na wengi ni maduka ya kujaza maji ya kunywa, ambayo husafisha maji kwa mashine ya RO, yaani inayosukuma maji kupitia utando unaozuia chumvi na madini. Nenda na kipimo kidogo cha TDS, yaani cha madini yaliyoyeyuka majini, kinachouzwa kwa bei nafuu, na upime kabla ya kujaza mitungi: namba ikiwa chini ya 20 maji ni mazuri, ikiwa 100 au zaidi basi chujio la duka limechoka au wanarudisha madini kwa ajili ya ladha, na utafute duka jingine.

Changanya nje ya tangi, katika pipa safi la plastiki lililotengenezewa chakula. Tia maji kwanza, washa pampu ndani yake, kisha mimina chumvi polepole. Ukianza na chumvi halafu maji, kalsi huganda kuwa unga mweupe usioyeyuka tena. Chumvi nyingi za akwariamu hutaka gramu 36 hadi 38 kwa lita, kwa hiyo lita 150 zitakula kilo tano na nusu hivi. Acha pampu izunguke usiku kucha, kisha upime. Lengo ni sehemu 35 kwa 1,000, ambayo katika kipimo cha uzito wa maji ni 1.025 au 1.026. Maji yakiwa ya nyuzi 29, kipimo cha plastiki husoma pungufu kidogo, na wengi hapo huongeza chumvi isiyohitajika.

Anayetaka kuchota bahari achague mahali na saa. Epuka Makupa, Tudor, Mtwapa na upande wa Kilindini wa meli, ambako maji machafu ya mji na mafuta huingia, na epuka kila mlango wa mto au mkono wa bahari baada ya mvua. Maji mazuri ni yale yanayoingia kutoka bahari kuu, yaani saa moja hivi kabla ya kujaa kabisa, siku ya utulivu, yachotwe mbali na ufuo na mashua ikiwezekana. Siku za bamvua mawimbi huchafua mchanga; maji mafu huwa masafi zaidi. Wakati wa masika usichote kabisa, kwa kuwa maji matamu ya mvua huelea juu na kipimo kinaweza kushuka sana mahali ulipozoea kupata 35. Yapime pale pale kabla ya kujaza mtungi wa kwanza. Ukifika nyumbani, yafunike gizani kwa wiki mbili ili viumbe vidogo wafe na tope litulie, kisha yamimine polepole kwa kuyapitisha katika kitambaa kizito, uache lile la chini, na uyatie hewa kwa siku nzima kabla ya kuyatumia. Mimi hupendelea chumvi ya kuchanganya kwa kujaza mara ya kwanza, na bahari kwa kubadilisha maji wakati wa kaskazi, maji yanapokuwa meupe.

Mawe na mchanga

Tangi la bahari huishi kwa mawe yake. Ndani ya vitundu vya jiwe la chokaa ndiko bakteria wanakokaa, na jiwe lenyewe husaidia pH isishuke mno. Vitabu vingi vitakwambia ununue mawe hai yaliyotolewa baharini. Usiyatoe mwenyewe. Mbuga ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, hairuhusu kutoa chochote ndani yake, matumbawe magumu yote yamo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na kung'oa mwamba ulio hai kwa ajili ya sebule ni uharibifu hata pasingekuwa na sheria.

Bahati yetu ni kwamba mji huu umesimama juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Jiwe linalochimbwa kwenye machimbo ya bara ya Mombasa, la jamii ile ile lililojengewa Fort Jesus, ni chokaa yenye matundu, na vipande vyake vilivyovunjika huuzwa kwa bei ya kokoto. Chagua vyepesi kwa ukubwa wake, maana wepesi ni dalili ya matundu mengi, na uepuke vyenye mistari ya kutu au madoa ya saruji na mafuta. Dondoshea siki: likitoa povu ni chokaa. Osha kwa brashi, loweka katika maji safi kwa wiki mbili ukibadilisha maji kila siku ya tatu, na upime fosfeti katika maji ya mwisho ikiwa unaweza, kwa sababu jiwe lenye fosfeti litakulisha mwani miezi mingi. Kilo 15 hadi 20 zinatosha tangi la lita 150. Yasimamishe moja kwa moja juu ya kioo cha chini, ukitanguliza karatasi nene ya plastiki, kisha ndipo mchanga uzunguke. Mawe yakikalia mchanga, samaki wachimbaji watayaangusha.

Mchanga uwe wa chokaa, wenye punje za milimita 1 hadi 2, kwa kina cha sentimita 3. Ule wa mifuko ya dukani ndio salama. Mchanga wa ufuoni kwetu mara nyingi umechanganyika na mchanga wa mito usio na chokaa, na una uchafu mwingi usioonekana.

Kungoja tangi likomae

Hapa ndipo watu hukosa subira. Samaki na chakula kinachooza hutoa amonia. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo haina ukali mkubwa na hupunguzwa kwa kubadilisha maji. Tangi jipya halina makundi hayo, na amonia katika maji ya bahari ni kali kuliko ulivyozoea, kwa kuwa pH ikiwa 8.2 sehemu ya amonia iliyo sumu huwa zaidi ya mara kumi ya ile inayokuwapo pH ikiwa 7. Kiasi ambacho samaki wako wa dhahabu walikivumilia kitawaua samaki wa bahari.

Jaza maji, weka mawe na mchanga, washa pampu na chujio, zima taa. Tia chanzo cha amonia: kloridi ya amoni kwa kiasi cha kufikia miligramu 2 kwa lita, au, kwa njia ya kienyeji, kamba mmoja mbichi asiye na chumvi wala viungo, aliyefungwa katika kitambaa ili atolewe kirahisi. Njia ya kamba ni rahisi lakini haipimiki vizuri na inanuka. Bakteria wa chupa wanaouzwa huharakisha kazi kama hawakukaa kwenye joto dukani, na kwa Mombasa hilo ni sharti kubwa.

Pima kila siku ya pili au ya tatu na uandike. Amonia itapanda, kisha ishuke huku nitriti ikipanda, kisha nitriti nayo ishuke na nitreti ianze kuonekana. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita. Kwa joto letu huweza kuwa mapema zaidi. Tangi limekomaa pale unapotia amonia ya miligramu 2 na kesho yake, baada ya saa 24, amonia na nitriti zote zikasoma sufuri. Hapo badilisha nusu ya maji kupunguza nitreti. Katika kipindi hiki au baada yake kidogo, mchanga na mawe vitafunikwa na utando wa kahawia. Hiyo ni hali ya kawaida ya tangi changa, huondoka yenyewe, na hakuna dawa ya kununua.

Joto

Vitabu vilivyoandikwa nchi za baridi hutumia kurasa nyingi kueleza hita. Sisi hita yetu itatumika asubuhi chache za Julai na Agosti, kama itatumika. Kazi ni kupoza. Lenga nyuzi 25 hadi 27. Nyuzi 28 zinavumilika. Zikifika 30 samaki huanza kupumua haraka, kwa sababu maji ya moto hushika oksijeni kidogo wakati ule ule mwili wa samaki unahitaji zaidi. Ikumbukwe kwamba mwaka 1998 matumbawe mengi ya pwani hii yalipauka na kufa kwa bahari kuwa na joto kupita kawaida, na hiyo ilikuwa bahari nzima.

Tangi lisikae karibu na dirisha linalopigwa na jua la mchana, wala chini ya dari la mabati lisilo na kizuizi. Ondoa kifuniko cha kioo na uweke wavu, kwa kuwa kifuniko hufungia joto na samaki wengi wa bahari huruka. Feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji hushusha nyuzi 2 hivi, na pungufu ya hapo siku za fukuto, kwani hewa iliyojaa unyevu haipokei mvuke zaidi. Washa taa jioni badala ya mchana. Chupa za barafu zilizofungwa vizuri hufaa kwa dharura, moja moja, maana kushusha nyuzi 4 kwa saa moja ni hatari kuliko joto lenyewe. Anayetaka matumbawe na ana chumba kisicho na kiyoyozi atahitaji mashine ya kupoza maji, na aiweke katika hesabu zake tangu mwanzo.

Samaki wa kwanza

Nunua kwa muuzaji aliye na leseni ya kukusanya au kuuza samaki wa mapambo, na umwombe akuonyeshe samaki akila. Asiyekula dukani hatakula nyumbani. Anza na wawili wadogo, kisha ungoje wiki tatu au nne kabla ya kuongeza. Samaki wa anemoni wa pwani yetu ni wagumu na hawahitaji anemoni ili kuishi. Yule maarufu wa rangi ya chungwa mwenye mistari mitatu myeupe si wa bahari ya Kenya, akiuzwa hapa ameletwa. Konokono wa kula mwani na kaa wadogo wanaobeba makombe ya konokono waingie wakati mwani unapoanza kuonekana.

Mwenye nafasi awatenge samaki wapya katika tangi dogo la lita 40 kwa wiki nne, kwa kuwa ugonjwa wa madoa meupe wa baharini ukiingia katika tangi kubwa lenye mawe huwezi kutia dawa ya shaba humo. Mfuko uelee dakika 20 ulingane joto, kisha udondoshee maji ya tangi kwa mrija mwembamba kwa muda wa saa moja, umtoe samaki kwa kikombe, na maji ya mfuko yamwagwe chooni.

Kuna viumbe wengi wa ufuoni ambao hawafai kabisa, hata ukipewa bure. Mkunga, chewa na kikande hukua na kula wengine. Bunju na jongoo bahari hubeba sumu, na jongoo akifa ndani ya tangi anaweza kuangamiza samaki wote. Pweza hutoroka. Kile kiti cha pweza kikubwa chenye miiba myekundu wanachoonyeshwa watalii hula kila kiumbe kisichokimbia, kisha hufa kwa njaa. Na usiokote konokono mwenye umbo la pia lililochongoka mwenye madoadoa, kwa kuwa baadhi yao huchoma kwa sumu inayoua mtu.

Matunzo ya kila siku na ya kila wiki

Piga mstari kwenye kioo penye uso wa maji. Maji yakipungua kwa mvuke, chumvi haiendi nayo, kwa hiyo kila asubuhi rudishia hadi mstarini kwa maji matamu ya RO, kamwe si ya chumvi. Feni ikiwa inafanya kazi, tangi la lita 150 laweza kupoteza lita kadhaa kwa siku, na ukisafiri bila kumwachia mtu kazi hii utakuta chumvi imepanda. Maji ya chumvi huongezwa tu pale ulipoyatoa: badilisha asilimia 10 hadi 15 kila wiki, kwa maji yaliyochanganywa jana yake na yenye joto linalolingana. Lisha mara moja au mbili kwa siku kiasi kinacholiwa ndani ya dakika mbili. Kamba mbichi aliyekatwakatwa na kugandishwa ni chakula kizuri na cha bei ya sokoni, mradi asuuzwe kwanza.

Umeme unapokatika, kinachoua ni kukosa oksijeni, si kukosa chujio. Nunua pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe, na usilishe samaki mpaka umeme urudi. Ukikatika zaidi ya saa nne bila pampu hiyo, chota maji kwa kikombe na uyamwage kutoka juu kila baada ya dakika chache. Umeme ukirudi, hakikisha pampu zote zimeanza kuzunguka, kwa sababu punje moja ya mchanga yaweza kuzuia moja, na ulichungulie bakuli la kichujio cha povu, ambalo mara nyingi hufurika katika dakika za mwanzo na kumwaga uchafu wote kurudi katika tangi.